Frasila Moja ya Viatu

"Jamani, viatu pea ngapi?"

Swali hilo liliingia kwenye kundi letu la WhatsApp saa nne usiku, siku moja kabla ya safari. Tulikuwa watu sita, wote wakazi wa Dar, wote tumesoma, wote tunajiona wajanja. Alfajiri yake tulikuwa tupande basi pale Mbezi kwenda Lushoto, kisha tutembee kwa miguu siku tatu kutoka Lushoto mpaka Mtae. Na usiku huo, badala ya kulala, watu wazima sita tukaanza kujadili viatu kwa uzito ambao sijauona hata kwenye mijadala ya Bajeti.

Mmoja akasema nne. Mwingine akasema tano, ila kandambili zisihesabiwe. Mwingine tena, mtu ninayemheshimu sana, akaandika: "Bebeni vyote bwana, si kuna vijana wa kubeba?" Tukacheka. Na mimi nikacheka, nikaweka na dole gumba.

Leo sicheki. Leo nasema hivi, na atakayenuna anune: kwenda kutembea Usambara unahitaji pea mbili za viatu. Moja mguuni, moja kwenye begi. Ukitaka ya tatu, ibebe mwenyewe. Ukimtwisha mtu mwingine ya tatu, ya nne na ya tano, basi usijiite mtalii wa ndani. Wewe ni bwana mkubwa wa zama za misafara, tofauti yenu ni kwamba wewe una simu.

Najua wapo watakaosema nimekosa la kuandika. Nchi ina matatizo kibao, mwandishi mzima anakaa kuhesabu viatu. Subirini kidogo.

Kwanza niungame, maana sitaki kujifanya mtakatifu. Mimi nilibeba pea tano. Buti za kupandia mlima, za mtumba, nilizonunua Karume wiki ile ile. Raba zangu za siku zote. Sendo za jioni. Kandambili za kuogea. Na moka. Ndiyo, moka nyeusi za ngozi, nimezipiga kiwi mpaka zinaona aibu. Ungeniuliza moka za nini kwenye msitu wa Magamba, jibu nililokuwa nalo kichwani ni kwamba huwezi jua, tunaweza kualikwa mahali. Tualikwe na nani? Na mbega?

Basi tukaondoka. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda zile kilomita 33 za kona mpaka Lushoto, unapita Soni roho iko mkononi. Wasiowahi kufika wajue kwamba Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na tulikwenda mwezi wa Juni. Jioni ile kila mmoja wetu alikuwa na viatu vya kutosha kufungua duka, na watu wawili kati ya sita hawakuwa na sweta. Hiyo ndiyo akili ya kupanga begi tuliyonayo.

Asubuhi mwongozaji wetu akaja na vijana wawili wa kubeba mizigo. Mmoja wao, miaka ishirini na kitu hivi, alikuja amevaa yeboyebo za bluu, moja imeshonwa ubavuni kwa waya. Akachukua mabegi mawili, langu likiwamo, akayafunga pamoja kwa kamba ya katani, akatengeneza ngata kwa kipande cha kitenge, akajitwika, akaondoka. Sikumwona tena mpaka mchana. Kila tulipofika juu ya kilima tunahema kama mbwa, yeye alikuwa ameshapita zamani.

Saa mbili baada ya kuondoka, ndani ya msitu wa Magamba, soli ya buti langu la kulia ikafunguka mdomo kama mamba. Haikupita nusu saa, ya kushoto ikaifuata.

Hapa nitoe elimu kidogo kwa wanunuzi wenzangu wa Karume. Buti nyingi za kupandia mlima zina tabaka la povu la poliyurethani kati ya soli na kiatu. Povu hilo linakula unyevu wa hewani taratibu na kuoza lenyewe, hata kama kiatu hakivaliwi, hata kama kimekaa kwenye boksi. Kwa hiyo buti iliyokaa miaka kumi kabatini kwa mtu huko Ulaya inafika kwetu ngozi inang'aa, kamba mpya, na ndani ni maiti. Muuzaji hakudanganyi, naye hajui. Unajua wewe, siku unapokanyaga tope jekundu la Usambara.

(Na kwa nini tunavaa maiti za watu? Nchi hii iliwahi kujenga kiwanda kikubwa cha viatu pale Morogoro, kwa fedha za Benki ya Dunia, na hesabu zilikuwa kwamba viatu vingi viuzwe Ulaya. Hakikuwahi hata kukaribia uwezo wake wa uzalishaji, na mwaka 1990 kikafungwa. Tulitaka kuwavisha wao, sasa wanatuvisha wao. Hiyo ni mada ya siku nyingine, ila inaniuma.)

Tuendelee. Raba zangu zilikuwa wapi? Kwenye begi. Na begi lilikuwa wapi? Mbele huko, juu ya kichwa cha mwenye yeboyebo. Mwongozaji akatoa kipande cha katani mfukoni, akanifunga soli zote mbili kama anafunga gunia, nikatembea hivyo hivyo, hatua za bata, mpaka tulipowakuta vijana wamekaa chini ya mti wanakula muwa. Yule kijana akazitazama buti zangu. Nami nikazitazama yeboyebo zake. Sitasahau ile sekunde.

Jioni tulipofika Lukozi nikampelekea fundi viatu. Akazishika, akaibonyeza soli kwa dole gumba, ikamomonyoka kama keki ya jana. Akanirudishia bila kusema neno. Sasa mtu mwenye akili angeziacha pale pale. Mimi nikazirudisha kwenye begi, eti nitazitengeneza Dar. Zikaendelea na safari, kesho yake mpaka Rangwi tulikolala kwa masista, keshokutwa yake mpaka Mtae. Nasema "zikaendelea na safari" kana kwamba zilitembea zenyewe. Alizibeba yeye. Kijana mwenye yeboyebo zilizoshonwa kwa waya alinibebea buti zilizokufa, milima na mabonde, siku mbili.

Mtae ni kijiji kilichokaa kwenye ncha ya mlima, ukisogea ukingoni dunia imekatika. Chini kuna Mkomazi, kule Upare, na siku hewa ikiwa safi Kilimanjaro inajitokeza kwa mbali. Wenzangu wakatoa simu. Mimi dhambi ilikuwa imeshanikaba, na palikuwa na mnunuzi wa viazi mwenye mizani yake. Nikawaomba wote watoe viatu vilivyokuwa kwenye mabegi. Walidhani nimepata jua kichwani, ila wakatoa.

Tulikuwa tumetoka Dar na pea 27. Sita zilikuwa miguuni. Pea 21 zilikuwa kwenye mabegi, na zaidi ya nusu yake hazikuwahi kuigusa ardhi ya Usambara. Tukazijaza kwenye gunia, tukaweka kwenye mizani. Kilo 17.

Wale mliosoma hesabu za kale mnajua frasila. Ni kama kilo 16. Kwa hiyo tulikuwa tumepandisha mlimani frasila moja ya viatu, na kilo moja juu yake kama bakshishi.

Kipimo hicho sikukitaja kwa bahati mbaya. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19, yule aliyetoka pwani kwenda bara na kurudi, alibeba kama frasila mbili. Vitambaa, shanga, waya, na kurudi pembe za ndovu. Milima hii hii waliipanda Richard Burton na John Speke Februari 1857, wakitokea Pangani kwenda Vuga kumwona Kimweri, mtawala wa Washambaa. Majina yao tumeyakariri shuleni. Waliowabebea vitu vyao hatuwajui, isipokuwa Sidi Mubarak Bombay, waliyemchukua safari ile ile na ambaye baadaye akawa mashuhuri kwa haki yake. Mzigo wa mpagazi wa zamani, pamoja na dhuluma yote iliyokuwamo, angalau ulikuwa bidhaa. Mtu aliungoja kule mwisho wa safari. Moka zangu alikuwa anazingoja nani Mtae?

Kilimanjaro wameweka kikomo. Mpagazi wa pale asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo inapimwa. Tangu mwaka 2003 kuna mradi mjini Moshi unaoitwa KPAP unaotetea wapagazi, malipo yao na chakula chao, na kazi yake mojawapo ni kuwaazima bure nguo na viatu vya mlimani. Hebu simameni hapo kidogo. Imebidi pawepo na watu wa kumwazima viatu mpagazi, wakati begi analolibeba limejaa viatu!

Kwenye njia tulizopita sisi, kati ya mashamba ya kabichi na karoti, sikuona geti la kupima begi la mtu. Mizani niliyoikuta ni ya viazi. Kwa hiyo kikomo kinabaki kwenye dhamiri yako saa nne usiku unapofunga begi, na dhamiri ya saa nne usiku, jamani, ndiyo ile iliyoweka dole gumba.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote. Hivi mnajua kwa nini Kariakoo inaitwa Kariakoo? Wengi mnajua, mmeshaambiwa na walimu, ila mnapita tu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya wabeba mizigo wa jeshi lao, Carrier Corps. Midomo yetu ikaifanya Kariakoo. Vita ile, katika Afrika Mashariki, iliendeshwa juu ya vichwa na migongo ya watu. Ndorobo aliua farasi na ng'ombe, magari yalikwama, akabaki binadamu. Wapagazi walikufa makumi kwa maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa maradhi, njaa na kuchoka. Mwaka 1927 ikasimamishwa Sanamu ya Askari pale mjini. Nendeni mkaitazame vizuri. Ni askari peke yake na bunduki yake. Nairobi kwenye sanamu yao wamemweka na mbeba mizigo. Sisi mbeba mizigo wetu tumempa soko.

Na kwenye soko hilo, na pale jirani Karume, ndiko tunakokwenda kununua viatu vya kumtwisha mjukuu wake. Nilipoiona hiyo nikiwa kwenye basi la kurudi, karibu na Korogwe, nilinyamaza mpaka Chalinze. Wenzangu walidhani nimeugua.

Haya, najua majibu mliyonayo. Nimeshayasikia yote, mengine nikiwa bado Mtae.

La kwanza: "Nimemlipa." Umemlipa kwa siku. Hukumlipa kwa kilo. Bei mliipatana asubuhi, begi lako akaliona baadaye, na baada ya kuliona hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na vijana wengine watatu wamesimama wakisubiri akatae. Hayo ndiyo mnayaita makubaliano? Ungekuwa unalipia kila kilo, hata hizo sendo za jioni ungeziacha chini ya kitanda Sinza.

La pili: "Tukibeba kidogo tunawanyima kazi." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu limevaa joho la huruma. Kijana anabaki na begi lako, nguo zako, maji, chakula. Mlipe siku ile ile, pesa ile ile, abebe kilo 12 badala ya 20. Nani amekuzuia? Au kazi kwako si kazi mpaka mtu ainame?

La tatu: "Wale wamezoea." Enhe. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa akina Maloiy na Heglund kuhusu wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa utosini. Waligundua jambo la ajabu kweli: wanawake wale waliweza kubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza nguvu yoyote ya ziada. Watu wakaushika utafiti ule wakafurahi, si mnaona, hawachoki! Someni mpaka mwisho. Ni asilimia 20. Kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Ikizidi hapo, kila kilo inalipiwa jasho kama kwako na kwangu. Na walioweza hayo ni waliobeba tangu utotoni. Kwa hiyo "wamezoea" ina mpaka wake, na mpaka wenyewe ni kilo 12. Viatu vyetu peke yake vilikuwa 17.

Nisiwaonee wabongo wenzangu peke yao. Ugonjwa mwingine tunaletewa. Fungua orodha yoyote ya kampuni za nje ya vitu vya kubeba kwa safari za milimani: buti nzito, raba za akiba, viatu vya kambini, viatu vya kuvukia maji, na kitu cha kuvaa hotelini. Orodha ile ameiandika mtu anayeuza viatu au rafiki yake. Usambara si Himalaya. Tunatembea kwenye njia ambazo akina mama wanapita kila siku ya gulio na tenga la matunda kichwani. Tena hata hizo buti nzito zenyewe ni kujitesa. Mwaka 1969 watafiti wawili wa jeshi la Marekani, Soule na Goldman, walipima nguvu anayotumia mtu akiwa na mzigo sehemu mbalimbali za mwili. Kilo iliyofungwa miguuni ilikula nguvu mara nne mpaka sita kuliko kilo ya mwili wake mwenyewe. Kichwani haikufika hata mara moja na nusu. Maana yake raba nyepesi yenye meno mazuri inakufaa kuliko buti la kikomandoo, isipokuwa kama una tatizo la kifundo cha mguu, na hilo daktari wako analijua kuliko mimi.

Halafu kuna wale wa upande wa pili, mashabiki wa peku. Hawa wakiona mwenyeji ametembea bila kiatu wanatoa machozi ya furaha, oh, asili, oh, mababu zetu. Wanakutajia Abebe Bikila aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Kweli. Ila Tokyo mwaka 1964 alishinda tena, akiwa na viatu, wiki chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na muda wake ukawa mzuri zaidi. Hiyo ya pili hawaisemi. Anayetembea peku Usambara mwezi wa Juni hafanyi hivyo ili wewe upate picha. Kuna mawe, kuna baridi, kuna funza. Mtu mwenye pea mbili hana ugomvi na viatu. Mwenye ugomvi na viatu ni yule mwenye pea nane huku anayembebea hana hata moja ya maana.

Dada zangu, najua mmeshakunja uso mkisubiri niwageukie. Sitawageukia. Tulikuwa na dada mmoja kwenye msafara wetu ambaye alikuja na mchuchumio. Mwekundu! Alitaka apige nao picha pale Irente, kwenye lile jabali ambalo chini yake kuna kama mita elfu moja za hewa kabla ya kufika Mazinde. Tulimcheka njia nzima. Siku ya mizani ndipo nilipogundua kwamba ni yeye peke yake ambaye begi lake hakulitoa kwa mtu tangu Lushoto. Alilibeba mgongoni mwenyewe, mchuchumio ukiwamo, mpaka Mtae. Na sisi wanaume watatu, mabingwa wa kucheka, mabegi yetu yote yalikuwa vichwani kwa watu. Nimemwomba radhi. Yeye abebe hata pea kumi.

Kwa sababu hiyo sasa mnaelewa kwamba ugomvi wangu si wa uzuri. Vaa upendeze. Picha piga. Lakini shingo iwe yako.

Mtaniuliza, sawa, hizo mbili ni zipi. Ya kwanza ni ile ambayo mguu wako unaijua, umeshaivaa miezi, soli yake ina meno na umeikunja kwa mikono ukaona haipasuki. Usinunue kiatu kwa ajili ya safari wiki ya safari. Nimelipa ada ya somo hilo. Ya pili ni sendo ya kamba inayoshika kisigino, au yeboyebo, ambayo utaogea nayo, utakaa nayo jioni, na ya kwanza ikileta matatizo utatembea nayo mpaka kijiji kinachofuata. Wasiwasi wa kulowa najua mnao. Badala ya kubeba raba za akiba beba soksi pea tatu, za sufi zikipatikana, na gazeti. Kiatu kikilowa, chomoa kitambaa cha ndani, kijaze gazeti lililokunjwakunjwa, libadilishe kabla ya kulala. Asubuhi kiatu kinavalika. Rangwi nilitumia toleo lenye makala yangu ya ukurasa wa saba, na sidhani kama makala ile imewahi kufanya kazi ya maana kuliko usiku ule. Na kata kucha kabla hujaondoka, maana kushuka ndiko kunakoua vidole, si kupanda.

Kuna jibu la mwisho nililolibakiza, kwa kuwa nililitoa mimi mwenyewe. "Vya ziada nitawaachia." Mtae, baada ya mizani, nikaona nimalize kwa ushujaa. Nikamwita yule kijana pembeni, nikamwambia kaka, umefanya kazi kubwa, chukua hizi moka. Akazipokea kwa mikono miwili, akazigeuza, akaangalia ile kiwi yangu. Akacheka kwa upole sana, kama mtu anayemcheka mtoto.

"Kaka, asante. Sasa hizi mimi nitazivalia wapi?"

Nikakosa la kusema. Akaniuliza kama inawezekana nimwongezee hela kidogo badala yake, kwa sababu yeboyebo mpya zinauzwa gulioni na anajua namba yake. Nikamwongezea. Moka nikarudi nazo Dar, safari hii kwenye begi langu, mgongoni kwangu, na nawaambieni zilikuwa nzito.

Desemba tunakwenda Usambara ya Mashariki, Amani, kwenye mvua. Watu ni wale wale sita. Nimeshaandika sheria kwenye kundi: pea mbili. Dada wa mchuchumio amekubali wa kwanza, ingawa yeye hadaiwi. Yule wa "si kuna vijana wa kubeba" alikaa kimya siku nzima, halafu jana usiku akauliza kama gambuti nazo zinahesabiwa.

Zinahesabiwa.